Roboti ilisema sawa, mkono wangu ukasema sawa, Hajji wa Bwera akasema hapana

Alhamisi, 12 Oktoba 2017. Mvua ndogo ya asubuhi, saa nne jua kali, mlima umejifunika mpaka jioni.

Ndivyo daftari langu linavyoanza siku hiyo, wakuu. Nimelifungua hapa pembeni ili nisije nikaongeza chumvi. Salamu kwenu nyote kutoka Kasese. Nitasimulia kilichotokea kazini kwangu, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Si kisa cha kujisifu, mtaona wenyewe.

Kiswahili changu mnisamehe. Kwetu ni lugha ya tatu, nimeiokota sokoni. Shule niliishia Senior Four, yaani kidato cha nne, na hiyo Four yenyewe hesabu ilinipita kwa mbali.

Sasa mtu wa Senior Four amefikaje kwenye mambo ya software? Hata mimi huwa najiuliza.

Nilikuwa karani wa kituo cha kahawa huko Kyarumba, mlimani. Mkulima anateremka na gunia kichwani, napima, natia mkono ndani, nanusa, naandika kitabuni. Jina, kijiji, kilo, na hali ya kahawa.

Kahawa iliyoanikwa juu ya vitanda vya wavu naandika "safi". Iliyoanikwa chini naandika "udongo". Ukiandikwa "udongo" mara tatu unatolewa kwenye kundi la kahawa safi, na kurudi ni mpaka msimu mwingine. Watu wa mlimani wanaliogopa neno hilo kuliko mvua ya mawe.

Basi ofisi yetu ya Kasese ikaamua vitabu viishe, kila karani awe na simu yenye app. Madam, bosi wetu, akasema anataka mtu anayejua kituo aijaribu app kabla haijapelekwa mlimani. Akanichukua mimi. Sijui kwa nini hasa. Nadhani ni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Nikawa tester. Mume wangu alicheka siku mbili.

App yenyewe inatengenezwa na jamaa mmoja wa Kampala anaitwa Derrick. Yeye ana majaribio yake yanayojiendesha. Kompyuta inajifanya karani: inaandika wakulima wa uongo, inapima magunia ya uongo, inabonyeza kila kitufe, yote kabla mimi sijapiga mswaki. Nikifika kazini ripoti imeshafika kwenye email. Mstari wa kijani ni pass, mwekundu ni fail. Hayo ofisini tunayaita majaribio ya roboti.

Yangu ni ya mkono. Nakaa na simu, nafuata orodha ya hatua ishirini, nabonyeza kwa kidole changu hiki.

Na Madam ana sharti lake. Toleo jipya haliendi mlimani bila fomu. Fomu ina visanduku viwili, Roboti na Mkono, na chini kuna sahihi ya mtu aliyesoma majibu yote mawili akayaidhinisha.

Mtu huyo ni mimi. Yaani najaribu mwenyewe, nasoma majibu yangu mwenyewe, nasoma na ya roboti, halafu naidhinisha. Chekeni tu, lakini ofisi yetu ni ndogo. Tukikaa wanne, mmoja yuko mlangoni.

Kabla sijaendelea niwe mkweli kwa roboti. Sitaki mtu afikiri nina wivu nayo, ingawa kidogo ninao.

Roboti imewahi kukamata vitu ambavyo mimi nisingevifikiria hadi nazeeka. Iliandika gunia la kilo sifuri, app ikakubali. Nani anabeba kilo sifuri kutoka Kyarumba? Lakini karani aliyechoka anaweza kuandika sifuri, kwa hiyo roboti ilikuwa na haki. Tena haichoki. Mimi nikifika hatua ya kumi na tano naanza kufikiria chai.

Mimi nami nilikamata vyangu. Kitufe cha "hifadhi" kilikuwa na rangi ya kijivu, ukitoka juani hukioni kabisa. Na kidole kikiwa na maji ya mvua simu inabonyeza kitu kingine. Roboti haina kidole, wala hainyeshewi.

Sasa turudi Alhamisi.

Asubuhi Madam aliniita. Si mtu wa kuzunguka.

"Mbambu, nikuambie mwenyewe usije ukasikia kwa wengine. Mkataba wako unaisha mwezi huu. Mara tatu sasa roboti inasema sawa, na wewe unasema sawa. Mkisema kitu kimoja tena, sioni kwa nini niwe na wawili wa kusema neno moja."

"Na Kyarumba, Madam?"

"Kyarumba nimeshaweka mtu. Anafanya vizuri."

Nikasema ndiyo Madam. Ningesema nini?

Kwa hiyo wakuu, mnanielewa nilivyokaa na ile simu siku hiyo. Nilikuwa natafuta bug kama mtu anayetafuta shilingi yake kwenye majani. Nikipata kosa moja ambalo roboti haikuliona, nina kazi. Nisipopata, sina.

Nililowesha kidole. Nilizima mtandao katikati ya kupima. Niliandika majina kwa haraka, kwa polepole, nikiwa nimesimama. Hatua zote ishirini, na nyingine nilizojitungia.

Hakuna kitu. App ilikuwa nzuri. Ningeweza kuandika uongo, lakini app ilikuwa nzuri.

Nikatia tiki ishirini kwa penseli. Huwa naanza na penseli, kalamu ya wino naiweka kwa ajili ya sahihi. Halafu nikachukua chai nikasoma ripoti ya roboti, mistari mia moja na arobaini. Yote kijani, kama shamba la mtama. Nikatia tiki na huko.

Ilibaki sahihi tu. Nikaona nisaini kesho jioni nikirudi kutoka Bwera, kwa sababu Madam alitaka nimpelekee huko Hajji, mtu wetu wa lori, simu yake. Jumatatu simu zote zingeanza kazi.

Ngoja kidogo wakuu, umeme unachezacheza huku. Narudi.

Nimerudi. Mdau uliyeandika hapo chini "mama punguza maelezo ingia kwenye pointi", nimekusikia. Pointi iko Bwera na ndiko tunakoenda.

Ijumaa. Jua tangu asubuhi, vumbi la malori yanayoenda mpakani.

Hajji ni mfanyabiashara Mwislamu, kwao ni upande wa mashariki, lakini yuko Bwera miaka mingi. Ana lori moja linalobeba kahawa ya Karambi kuleta kwetu Kasese, na ana stoo ambapo wakulima wanaacha magunia. Mtu mzuri, ana maneno. Kiswahili chake ni kile cha mpakani, nusu ya kwetu nusu ya Kongo.

Nilimkuta barazani na wakulima kama kumi na mizigo yao. Nikamwonyesha simu dakika tano. Akasema saa ya swala inakaribia, hana muda wa masomo, aanze tu na hawa waliopo. Mimi nikasema sawa, leo yote ni majaribio, majibu yatafutwa.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene mwenye mwavuli mweusi. Akatoa kitambulisho cha taifa. Hajji akasoma akaandika: Masika Jane. Kijiji. Namba ya simu. Kilo. Akatia mkono kwenye gunia, akanusa, akatabasamu. Safi.

Wa pili alikuwa mama mwembamba, amefunga leso kichwani, ndiyo kwanza anashusha gunia. Naye akatoa kitambulisho. Hajji akaandika: Masika Jane. Kijiji kile kile.

Hapa niwaeleze wale wa mbali. Kwetu Wakonzo mtoto anapewa jina kwa nafasi aliyozaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu kama mimi. Wavulana vivyo hivyo, kina Bwambale na kina Kule. Kila nyumba yenye binti ina Masika wake. Halafu kanisani wote wanapewa Jane, Janet, Mary. Ukisimama sokoni Bwera ukaita "Masika Jane!" utasimamisha biashara.

Simu ikamwambia Hajji: Mkulima huyu yupo. Endelea?

Hajji akabonyeza endelea. Akatia mkono kwenye gunia, akanusa, akakunja uso. Udongo.

App yetu inamtumia mkulima ujumbe palepale. Simu ikalia. Lakini haikulia ya mama mwembamba. Ililia kwenye mkoba wa mama wa mwavuli, ambaye alikuwa ameshaanza kuondoka.

Akasoma. Akarudi.

"Udongo? Mimi?"

"Mama, tulia," Hajji akasema. "Simu iko nasema ulileta gunia mbili."

"Gunia la pili la nani?"

Mama mwembamba akanyoosha mkono polepole kama mtoto wa darasani. "Ni la kwangu. Mimi ni Masika Jane."

"Masika Jane gani?"

"Huyu unayemwona. Wewe ulitaka yupi?"

"Kahawa yangu inalala kitandani! Yako inalala chini na mbuzi. Usinichanganye!"

"Mbuzi wangu ana adabu kukushinda."

Baraza lote likaangua kicheko. Mzee mmoja ilibidi akae juu ya gunia la mtu.

Hajji akanigeukia. "Wee Mbambu, hii simu yako iko na akili ya wapi? Mimi naandika mutu mbili, yeye nasema mutu moja."

Nikawaambia wamama wasiwe na wasiwasi, ni majaribio, tutafuta. Mama wa mwavuli akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Na Jumatatu? Jumatatu pia itakuwa majaribio?"

Huyo mama, nilikuja kuambiwa na Hajji, ndiye anayefundisha wenzake kutengeneza vitanda vya wavu. Jumatatu angekuwa anabeba udongo wa kila Masika Jane wa kijiji, na hata mwezi usingeisha angekuwa nje ya kundi.

Hapo nikiri kitu. Nilimwonea huruma, ndiyo. Lakini chini ya huruma nilikuwa nacheza ngoma. Kosa limepatikana! Roboti imelipita! Nina kazi!

Nikaenda nyuma ya stoo nikampigia Derrick.

"Derrick, roboti yako imeanguka."

"Haiwezekani, nnyabo," akasema, yaani mama kwa Kiganda chao. "Nini?"

Nikamweleza. Akatafuta kwenye kompyuta yake. "Mstari wa hamsini na mbili unaangalia hilo hilo. Mtu akiandikishwa mara mbili, app inaunganisha. Ndivyo mlivyoomba ninyi wenyewe."

Ni kweli, tuliomba. Msimu uliopita watu walijiandikisha mara mbili wapate miche mara mbili. Simlaumu.

"Lakini hawa si mtu mmoja mara mbili. Ni watu wawili."

"Majina yote mawili sawa?"

"Sawa."

"Kijiji kimoja?"

"Kimoja."

Nikamsikia anabonyezabonyeza kompyuta. Halafu akasema, "Nnyabo, kweli mnaishije huko?"

Hajji aliporudi kutoka kuswali nikapanda lori lake kurudi Kasese. Nilikuwa naimba, sikatai. Nikatoa fomu kwenye mfuko, nikaandika FAIL kwenye kisanduku cha Roboti, mstari wa hamsini na mbili. Nikashuka kwenye kisanduku cha Mkono niandike kwa fahari jinsi mkono ulivyokamata.

Ndipo nikaona hatua ya kumi na nne.

Hatua ya kumi na nne inasema hivi: Andika wakulima wawili wenye majina yanayofanana, hakikisha kila mmoja anabaki peke yake. Na pembeni kulikuwa na tiki yangu ya Alhamisi. Pass.

Nikaacha kuimba.

Wakuu, nilikuwa nimelijaribu jambo lile lile. Nakumbuka kabisa, niliandika Masika Jane wawili kwa sababu ndio wa kwanza kuja akilini. Na simu iliwatenganisha vizuri. Sasa kwa nini Alhamisi iwatenganishe na Ijumaa iwaunganishe? Nikafikiri labda nimeota.

"Hajji," nikamuuliza, "wewe ukiandika jina la mtu, huongezi kitu?"

"Naongeza nini? Mimi naandika ile kitambulisho nasema. Mimi si mutu wa hapa, nitajuaje huyu ni wa wapi na huyu ni wa nani?"

Nikafungua daftari. Majina yote ninayoyatumia kwenye majaribio huwa nayaandika pia humo, herufi kwa herufi kama nilivyoyaingiza kwenye simu. Yalikuwepo, kwa mwandiko wangu unaosomeka:

Masika Jane wa Kinu.
Masika Jane wa Kule.

Mmoja anakaa karibu na kinu cha kusaga. Mwingine ni mke wa mtu anayeitwa Kule. Nilikuwa nimewaongezea mikia, na sikujua kama nimewaongezea. Miaka yote kituoni ndivyo ninavyoandika, kila karani Mkonzo ndivyo anavyoandika, maana bila mkia hujui unamwandika nani. Kwa macho yangu hayo yalikuwa majina mawili yanayofanana. Kwa simu yalikuwa tofauti kama Peter na Yohana.

Mkono wangu haukuijaribu app. Ulifanya tu kile unachofanya siku zote.

Halafu nikaona kibaya zaidi. Roboti mstari wa 52: majina yanafanana, wameunganishwa, sawa. Mkono hatua ya 14: majina yanafanana, wametenganishwa, sawa. Majibu mawili yanayopingana, yalikaa meza moja mbele yangu na kikombe cha chai, mimi ndiye msomaji, na nikayatilia tiki yote mawili.

"Mbona umenyamaza?" Hajji akauliza. "Ulikuwa naimba vizuri."

"Nimechoka, Hajji."

Wakuu, penseli yangu ina kifutio kwa nyuma.

Nitasema ilivyokuwa. Nilifuta. Lori linaruka kwenye mashimo, mimi nafuta ile tiki polepole nisichane karatasi. Nikaandika X. Nikaandika pembeni: kosa limepatikana kwa mkono. Nikajiambia si uongo, Hajji naye ana mkono.

Jumamosi asubuhi, mawingu bila mvua, nikampelekea Madam fomu. Akaisoma akiwa amesimama. Akacheka kwa furaha, kitu ambacho huwa hakifanyi.

"Kumbe mkono bado una kazi! Mbambu, umetuokoa. Ungesaini hii ningeitwa shetani mlima mzima."

Akampigia Derrick, akaweka simu mezani tusikie wote.

"Derrick, roboti yako kazi yake nini? Kunipakia rangi ya kijani?"

"Madam, kosa ni langu," Derrick akasema. Sauti ilikuwa chini. "Nnyabo amelikamata kwa mkono, mimi sikuliona. Sina cha kujitetea."

"Mwaka mzima unaniambia roboti inatosha. Sasa nikuamini tena kwa nini? Nafikiri nitafute mtu mwingine wa kazi hii."

Nikaitazama ile X yangu kwenye fomu.

Sijui niwaelezeje. Kama angejitetea, kama angesema hata neno moja baya juu yangu, nadhani ningenyamaza mpaka leo. Lakini alikuwa amebeba kosa la watu wawili peke yake, na hakujua kama kuna wa pili.

"Madam," nikasema, "sikulikamata."

"Nini?"

"Alhamisi mkono ulisema sawa. Hatua ya kumi na nne. Nimefuta jana kwenye lori."

Madam akachukua fomu akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Alama ya tiki ilikuwa bado inaonekana, imekandamiza karatasi. Mimi huwa nakandamiza sana.

Nikaendelea, maana nikishaanza sijui kuacha. Nikamweleza mikia ya majina. Nikamweleza mstari wa 52 na hatua ya 14, yanavyopingana, na kwamba niliyasoma yote nikayapitisha.

"Kwa hiyo aliyekamata ni nani?"

"Hajji."

"Hajji sijamwajiri."

"Ndiyo, Madam."

"Nina wawili wa kunijaribia. Wote wawili wanakosa. Anayepata ni mtu wa lori aliyekuwa anawahi msikitini."

Simu ya mezani ikatoa sauti. Derrick alikuwa anacheka. Alijizuia akashindwa. Madam akaitazama simu, nikadhani ataitupa nje.

Akakaa.

"Mkono wako unawajua watu wote wa Bukonzo," akasema. "Haunifai kwa kujaribu. Kujaribu umemaliza."

Nikaanza kukusanya daftari langu.

"Unaenda wapi? Sijamaliza. Hatua ishirini nitampa mtu asiyemjua mtu, kama Hajji. Wewe utasoma. Yake na ya roboti, mstari kwa mstari, ukitafuta yanapopingana."

"Madam, hata kusoma nimekosa."

"Umekosa mistari gani?"

"Hamsini na mbili, na hatua ya kumi na nne."

"Derrick, wewe ulijua kwamba hizo mbili zinapingana?"

"Hapana, Madam."

"Mimi nilijua?"

Akanirudishia fomu.

"Basi soma. Mkataba mpaka mwisho wa msimu, halafu tutaona. Na hiyo penseli iache nyumbani."

Nikatoka. Sikujua kama nimepandishwa au nimeshushwa. Hadi leo sina hakika.

Jumatatu simu hazikwenda mlimani, zilichelewa wiki tatu. Sasa app inauliza namba ya kitambulisho kabla ya kumuunganisha mtu na mtu. Derrick aliomba majina ya kweli kutoka vitabu vyetu vya zamani ili roboti iache kutumia ya kubuni. Nikamtumia kurasa sita. Akanipigia akauliza, "Hawa kina Bwambale kumi na tisa, nnyabo, nikuamini?" Nikamwambia aniamini, na hao ni wa kijiji kimoja tu.

Mama wa mwavuli alitumiwa ujumbe mpya: safi. Nilimpigia pia mimi mwenyewe kumwomba radhi. Akasema amesikia, lakini ataamini akishaona msimu umeisha. Nadhani ana haki.

Nilichojifunza, kama nimejifunza: majibu mawili yakisema "sawa" usifurahi haraka, uliza kwanza kama yalijibu swali moja. Sisi tulikuwa tunafurahia rangi ya kijani na tiki, hakuna aliyeuliza kila moja inasema nini. Na mtu anayejua kazi sana ana mkono unaomrekebishia mambo bila kumuaga. Roboti haijui chochote kuhusu sisi, mimi najua kupita kiasi. Kosa likakaa katikati yetu, limetulia kabisa.

Kuhusu kifutio, sijajisamehe vizuri. Mume wangu nilipomsimulia aliacha kula akasema, "Kwa hiyo umejishtaki mwenyewe ukapewa kazi? Hiyo ni mahakama gani, na mimi nihamie." Lakini najiuliza, kama Derrick angekuwa mtu mbaya, ningesema? Sidhani. Na hilo linanisumbua, kwa sababu kosa lingekuwa lile lile.

Wenye ujuzi wa testing humu ndani, nifundisheni. Kwenu anayeidhinisha majibu ni yule yule aliyejaribu, au mnatenganisha? Na wengine hata kama hamjui software: mngekuwa kwenye lile lori, mngefuta? Semeni ukweli, mimi nimeshasema wangu. Matusi pia napokea, mradi yawe mafupi.

Jumamosi hiyo jioni tulikula bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa karanga. Kulikuwa na samaki mkavu mmoja, tukamkata vipande vitano, na kichwa akapewa mama mkwe.